Kitalu Ti

Mama alianguka shambani akiokota korosho, akakaa palepale chini mpaka jirani mmoja alipopita akitafuta mbuzi wake. Nyonga haikuvunjika, ila haikurudi kuwa ile ya zamani. Nilipopata habari nilipanda gari la kwanza kutoka Mtwara mjini kwenda kwetu, kijiji kimoja cha upande wa Nanyamba, nikamkuta kibarazani anachambua kisamvu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimgombeza mpaka majirani wakaja kumtetea. Mdogo wake aliyekuwa akiishi naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki. Nikamwambia hatakaa tena peke yake katika nyumba ile.

"Haya," akasema mama. "Utaniweka wapi?"

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale Chuno. Nimepanga vyumba viwili, kimoja cha kazi na kingine cha kulala, na mwenye nyumba wangu ni mtu wa kufuatilia hata wageni wanaoingia chooni. Kumleta mama pale ilikuwa ni kutafuta ugomvi. Ikawa lazima nipate nyumba yangu mwenyewe, na fedha nilizokuwa nazo hazikutosha kununua hata ukuta. Kati yetu sisi wawili, mwenye kitu cha kuuzika alikuwa mama. Alikuwa na shamba lake la mikorosho.

Kwetu Wamakonde shamba hufuata upande wa mama. Yeye aliachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake, na kwa desturi lilikuwa linakuja kwangu. Mjomba, aliyepaswa kuulizwa, aliulizwa, akaridhia. Mnunuzi akapatikana hapohapo kijijini, mtu mwungwana lakini mwenye haraka, kwa sababu wakati wa kupulizia salfa ulikuwa unakaribia na hakutaka kumaliza dawa yake kwenye mikorosho ya mtu mwingine. Akapanga na mtendaji wa kijiji kwamba mama asaini Ijumaa. Nikamwambia mama asiweke saini popote mpaka nimpigie simu kwamba nyumba nimeichunguza na iko salama.

Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Shamba likishauzwa limeuzwa. Huwezi kumrudia mtu mwezi ujao ukamwambia samahani, nyumba niliyonunua imepigwa alama nyekundu ya kubomolewa, nirudishie mikorosho yangu. Nikikosea, mama atakuwa hana shamba na hana nyumba, na atakuwa amelala sakafuni kwangu kati ya vitambaa vya sare, ananiambia si kitu mwanangu. Ile "si kitu" yake niliiogopa kuliko kingine chochote.

Na sababu za kuogopa zilikuwapo. Tangu habari za gesi zipandishe bei za viwanja, kila mtu mjini kwetu ana hadithi ya kiwanja kimoja kilichouzwa mara mbili, au ya nyumba iliyojengwa juu ya barabara ambayo bado iko kwenye karatasi. Wateja walikuwa wakinisimulia huku nawapima watoto wao mabega. Mama mmoja aliniambia nisiangalie bati wala rangi, niende ofisi ya mipango miji nikaulize kiwanja kimepangiwa nini na kama kibali cha ujenzi kilitoka. Shemeji yake alinunua nyumba yenye vigae, akaja kuambiwa amenunua sehemu ya soko la baadaye. Nilicheka, halafu nikaharibu kola niliyokuwa nakata.

Nyumba niliyoipata ilikuwa Chuno hukohuko. Bati lilikuwa la zamani, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza, vyumba vitatu, na choo kilikuwa ndani. Choo ndicho kilichoniteka. Mama na nyonga yake asingelazimika kutoka kwenda uani gizani. Nilisimama katika chumba kilichopakana nacho nikakipima kwa macho: kitanda hapa, mkeka wake wa kuswalia hapa, dirisha linatazama mpapai. Nilikuwa nimeshamhamisha mama kichwani kabla sijauliza bei.

Mwuzaji alikuwa bibi mmoja Mmakua. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa bado mgongoni. Mume wake alikuwa fundi mwashi, ndiye aliyeijenga nyumba kwa mikono yake, na sasa alikuwa marehemu. Bibi alitaka kwenda kumalizia uzee kwa binti yake, karibu na mlango wa Ruvuma, ambako binti na mumewe wanalima mpunga na kufanya biashara ya samaki wakavu pande zote mbili za mto.

"Karipu, mwananku," alinipokea. "Karipu sana. Nyumpa hii haina jini wala mente."

Nilimpenda papo hapo, na mtu ninayempenda papo hapo huwa namshuku kesho yake. Nilipomwuliza karatasi, akasema ziko kwa binti, ndani ya sanduku, zitaletwa akipatikana mtu wa kweli.

"Bibi, na mimi nitajuaje kama nyumba ni ya kweli?"

Akacheka. Akasema mume wake alimkaririsha namba ya kiwanja kama sura ya msahafu, kwa sababu karatasi huliwa na mchwa lakini kichwa hakiliwi. Akaitoa kwa pumzi moja: "Kiwanja arupaini na sapa, Kitalu Ti, Chuno." Nikaandika kwenye simu yangu: kiwanja 47, Kitalu T. Nikamsomea nilivyoandika, akakubali kwa kichwa.

Ofisini nilihudumiwa na mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mpole, wa upole ule unaokufanya ukae wima. Aliniuliza kama nataka kujua matumizi ya kiwanja, mmiliki, au kibali cha ujenzi. Nikasema vyote. Nikalipia upekuzi, nikakaa kwenye benchi pamoja na watu wengine waliokuwa wamebana bahasha zao kwapani. Hakuna aliyezungumza na mwenzake. Nilimwona mzee mmoja akiitwa dirishani, akaambiwa jambo kwa sauti ya chini, akabaki amesimama pale muda mrefu na kofia mkononi, na mimi nikaanza kutokwa jasho kwa niaba yake.

Afisa alipoita namba yangu alikuwa ameshavaa miwani.

"Kiwanja arobaini na saba, Kitalu T. Matumizi ni makazi na biashara. Kibali kipo, cha nyumba yenye fremu nne mbele."

"Fremu?"

"Fremu za maduka."

Nyumba niliyoiona haikuwa na fremu hata moja. Mbele ina baraza na mikomamanga miwili. Nikauliza jina la mmiliki. Alipolitaja nikamwomba arudie, akarudia. Halikuwa jina la mume wa bibi, wala halifanani nalo, wala si jina la watu wa pande zetu.

"Dada, huyo anayekuuzia anasema nyumba ni ya nani?"

"Ya marehemu mume wake."

"Basi ni moja kati ya mawili," akasema, akikunja faili. "Ama amekupa namba siyo, ama anakuuzia nyumba siyo. Usitoe chochote kwanza."

Katika hayo mawili mimi nilisikia moja tu. Niliondoka pale damu inanichemka. Nilipita mbele ya genge ninaponunua nyanya, mwenye genge akanisalimu, sikumjibu. Kila nilichokumbuka kuhusu bibi kilikuwa sasa kimegeuka ushahidi: karatasi zilizo mbali, binti wa mpakani, kile kicheko, na ile namba aliyoikariri vizuri mno. Nani hukariri namba ya nyumba yake mwenyewe? Anayekariri ni mwongo, nikajiambia, mtu mkweli husahausahau. Nilikuwa nimepandisha hasira kiasi kwamba hata upuuzi ule niliuona ni hoja.

Mama akapiga simu kabla sijafika nyumbani.

"Wamekuta kasoro?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kila alipopiga. Hakuwahi kuuliza nyumba ina vyumba vingapi wala kama maji yanatoka.

"Wamekuta," nikasema.

"Kubwa?"

"Nyumba si ya yule bibi. Imeandikwa mtu mwingine."

"Basi nimwambie mnunuzi asije?" Alisema upesi, na mimi nikaona ni woga wa kuibiwa.

"Usimwambie kitu. Niachie mimi. Mpaka Ijumaa nitakuwa nimejua."

Niseme tu kwamba sikutaka kuiacha nyumba ile. Hapo ndipo hasira yangu ilikuwa na mizizi. Kama ingekuwa nyumba mbaya ningemshukuru Mungu nikapita. Lakini kile chumba kilichopakana na choo nilikuwa nimeshakipaka rangi akilini.

Nilimkuta bibi uani, amekaa kwenye mkeka, anachekecha unga wa muhogo. Ungo ulikuwa miguuni pake, umejaa. Aliinua uso akatabasamu, akasubiri shikamoo yangu, na mimi sikuitoa. Mtu wa huku anajua maana yake. Mtoto mdogo akipita bila kuamkia hukemewa. Mtu mzima akifanya hivyo amekuja na shari. Tabasamu la bibi likaondoka taratibu.

"Bibi, nyumba hii ni ya nani?"

"Ya mume wanku."

"Ofisini wamesema ni ya mtu mwingine. Wamenitajia na jina."

"Mtu kani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa, hamjui. Nikamwambia kwamba hata kibali hakifanani, kwamba huko kumeandikwa fremu za maduka, na yeye atuonyeshe hayo maduka yako wapi, au yamefichwa nyuma ya mikomamanga? Sauti yangu ilikuwa imepanda. Jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta, akakirudisha.

Bibi aliweka chekecheo chini. "Unasema nyumpa nimeipa?"

Nimeiba, ndivyo alivyosema, na nilimwelewa bila shida. "Sijasema hivyo. Nasema kama una namba nyingine itoe sasa hivi, kabla sijaenda kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Nampa ni ileile. Arupaini na sapa, Kitalu Ti."

"Ndiyo niliyoipeleka. T."

"Ehee. Ti."

"T nimeikuta, si yako!"

"Ti ni yanku!" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Ti, Ti, Ti. Mume wanku alisema Ti."

Tukaendelea hivyo, yeye akisema Ti na mimi nikijibu T, kila mmoja akimwona mwenzake kiziwi. Tulikuwa tunakubaliana neno kwa neno, na tulikuwa tunagombana kufa na kupona. Mwishowe machozi yakamlengalenga, na mimi, badala ya kulainika, nikazidi kukasirika, maana sijui kugombana na mtu mzima anayelia.

"Iandike," nikamwambia.

Nilijua hakwenda shule. Nilitaka ashindwe ili jambo liishe. Bibi akanitazama, akauvuta ungo, akausawazisha unga kwa kiganja mpaka ukawa bapa. Halafu akaandika kwa kidole cha shahada. Aliandika kwa herufi za chuoni, zile ambazo sisi sote tuliokaa mbele ya mwalimu na msahafu tumezisoma utotoni. Akaandika nne. Akaandika saba. Pembeni yake akaandika mstari mmoja mfupi uliopinda kama kiwiko, hauna nukta yoyote.

Niliinama nikaangalia. Te ningeijua, te hukaa kama kisahani na nukta mbili juu yake. Ile haikuwa te.

"Hii ni herufi gani, bibi?"

"Tali."

"Dali," nikasema.

"Ehee," akasema, amechoka na mimi kabisa. "Tali."

Nikakaa chini, juu ya mchanga, na gauni langu jeupe. Wamakua wengi wa rika lake Kiswahili chao hakina b, wala d, wala g. B inatoka p, d inatoka t, g inatoka k. Nimezaliwa nikisikia hivyo, nimefanya biashara na watu hao maisha yangu yote. Aliponiambia karipu nilisikia karibu, aliponiambia arupaini na sapa niliandika arobaini na saba bila kufikiri. Neno likipinda mdomoni mwa mtu unalinyoosha kwa maana yake. Lakini herufi iliyosimama peke yake haina maana ya kuinyooshea. Ti ni Ti. Nilikuwa nimeichukua kama ilivyotoka, nikaenda nayo serikalini, nikarudi na wizi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Aliufuta kwanza ule mstari kwenye unga, polepole kama nilivyostahili. "Marahapa," akajibu, bila kunitazama. Akaanza tena kuchekecha. Baadaye kidogo akasema, "Nenta kaulize vizuri. Mimi naontoka mwezi huu, ukiipenta au usipoipenta."

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni mwa ofisi kabla haijafunguliwa. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba nitampigia kabla ya swala ya Ijumaa, na yeye alikuwa ameshajulishwa kwamba mnunuzi na mtendaji watakuwapo ofisi ya kijiji wakimsubiri. Yule afisa alinikumbuka. Nilipomweleza kwamba ni D, siyo T, na kwamba kosa lilikuwa la masikio, alicheka kwanza, halafu kicheko kikamwishia.

"Kitalu D?" akasema. "Hicho kina mambo yake."

"Mambo gani?"

"Kuna viwanja vimeguswa na upanuzi wa barabara."

Alikunjua mchoro mkubwa juu ya meza, ukaning'inia pande zote mbili. Sikujua kuusoma. Niliona mistari tu, na vijumba vya namba vilivyobanana, na mstari mmoja mwekundu uliopita katikati ya baadhi ya vijumba kana kwamba mtu amepitisha mkasi. Kidole chake kilifuata mstari ule. Akawa anataja namba zilizoguswa, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, zinapanda. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Nilishika ukingo wa meza. Arobaini na tatu. Arobaini na tano. Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni, nikaiacha.

"Arobaini na sita imeguswa kona," akasema. Akachukua rula.

"Na saba?"

"Ngoja kwanza nione faili. Mchoro peke yake hautoshi, lazima nijue alijenga wapi ndani ya kiwanja."

Faili halikuwa mahali pake. Akaenda chumba cha pili, akarudi mikono mitupu, akapiga simu ndani kwa ndani, akaambiwa liko kwa mwenzake wa upimaji ambaye alikuwa ametoka kunywa chai. Tulimsubiri anywe chai yake. Nilisimama muda wote. Niliwaza nitakavyomwambia bibi kwamba nyumba ya mume wake inakatwa, kisha nikajichukia kwa kuwa wazo la pili lilikuwa chumba kilichopakana na choo kiko upande gani, wa barabara au wa ndani. Simu ikatetemeka tena.

Faili lilipoletwa lilikuwa jembamba. Ndani mlikuwa na ramani ya nyumba iliyochorwa kwa penseli na kufuatishiwa wino: vyumba vitatu, jiko, choo cha ndani, baraza. Jina la mume wa bibi lilikuwa hapo juu, na chini yake neno fundi. Kibali kilikuwa kimepigwa mhuri. Afisa aliweka rula kwenye ramani, akaihamishia kwenye mchoro mkubwa, akapima, akapima tena, midomo yake ikihesabu bila sauti.

"Huyu mzee alikuwa mtu makini," akasema. "Aliacha nafasi mbele kuliko alivyotakiwa. Upanuzi wa barabara unaishia kwa jirani. Kiwanja hiki ni cha makazi, mmiliki ni yeye, kibali kipo, na alichojenga ndicho alichoombea." Akavua miwani. "Nyumba hii ni safi, dada. Wewe ukishindwa kuinunua uniambie mimi."

Nilimshika mkono kwa mikono yote miwili. Nilitoka kwenye korido nikicheka peke yangu, nikampigia mama.

Alipokea mara moja. Nyuma yake nilisikia sauti za wanaume na kiti kikiburutwa.

"Mama, hakuna kasoro. Hakuna hata moja. Saini."

"Mama?"

"Nipo."

"Umenisikia? Nyumba ni safi. Waambie walete hizo karatasi, saini."

"Nimesikia." Nikamsikia akiinuka, kile kimguno chake cha nyonga, halafu hatua zake, halafu sauti za wanaume zikawa mbali. Alikuwa ametoka nje. Alipozungumza tena aliteremsha sauti. "Hawajakuta hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama yangu si mtu wa kulia. Hata alipomzika mdogo wake, alimlilia jikoni ambako moshi ungeweza kusingiziwa. Kwa hiyo sauti niliyoisikia kwenye simu sikuitambua kwanza, nikadhani ni mtandao.

"Nilikuwa naomba wakute," akasema.

"Wakute nini?"

"Kasoro. Kila ulipokwenda huko ofisini nilikuwa namwomba Mungu wakute kasoro. Uliponiambia nyumba ya watu, siku ile nililala vizuri."

Nilikuwa nimekimbia huku na huko, nimemwita bibi wa watu mwizi mbele ya jirani, nimesimama juu ya ule mchoro hadi miguu imekufa ganzi, yote kwa ajili yake. Hasira ilinipanda kama kawaida yangu. "Na kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza lini?" Hakusema kwa ukali. "Uliniuliza kama shamba litapata mteja. Uliniuliza kama mjomba wako amekubali. Mimi hukuniuliza."

Watu walikuwa wananipita na mafaili yao, mmoja akaniomba nisogee, nikasogea. Niliitaka nyumba ile. Naitaka mpaka leo, na si kwa ajili ya nyonga ya mama tu. Nilitaka mlango wangu, ambao hakuna mtu angekuja kuugonga mwisho wa mwezi. Na sababu zangu zote zilikuwa bado za kweli: alikuwa peke yake, alikuwa mzee, angeweza kuanguka tena kesho. Hakuna hata moja iliyofutika kwa kuwa yeye analia nje ya ofisi ya kijiji.

"Mama, usisaini."

"Ukisema hivyo, nikianguka utanigombeza tena."

"Nitakugombeza."

"Haya." Akapenga kamasi. "Sasa hawa watu nitawaambiaje? Mwenzetu ameshaleta na mashahidi."

"Waambie nyumba imekutwa na kasoro."

"Wataniuliza kasoro gani."

"Waambie haina mikorosho."

Akacheka, kile kicheko kinachotoka na machozi bado yapo, akanikatia simu. Nilirudi ndani kuchukua mkoba wangu. Afisa aliuliza kama nimeshamalizana na mwuzaji, nikamwambia ndiyo kwanza nakwenda. Nikashika njia ya Chuno kwa miguu, polepole, kwenda kumwambia bibi kwamba nyumba ya mume wake haina doa lolote, na kwamba siinunui.